Breki ya Kabari kwenye Malori Mazito: Inavyofanya Kazi, Kuikagua na Kuifungua

Fundi aliyezoea breki za kamshafti, ambazo viatu vyake husukumwa na shafti inayozunguka, huingia chini ya lori akiwa na spana moja na desturi moja. Anatafuta ajasta, yaani kifaa cha kurekebisha nafasi ya breki, anaizungusha mpaka viatu vya breki viguse dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, anairudisha kidogo, kisha anahamia gurudumu linalofuata. Siku atakapoingia chini ya lori lenye breki ya kabari hataiona ajasta hiyo, wala shafti ndefu inayotoka kwenye chemba kuelekea kwenye gurudumu. Atakuta chemba ya upepo imechomekwa moja kwa moja mgongoni mwa breki, na fimbo yake yote imefichwa ndani. Wengi hapo husema kwamba breki ya namna hii hujiseti yenyewe, na huo ndio unakuwa mwisho wa ukaguzi. Mwongozo huu unamhusu fundi huyo, pamoja na mwenye gari anayemlipa.

Ni kweli kwamba breki nyingi za kabari zina ajasta ya kujiseti. Lakini kwa kuwa sehemu inayotembea haionekani, hitilafu zake nazo hazionekani, na mkaguzi hana budi kujua kinachotendeka ndani kabla ya kushika chombo chochote.

Nguvu inakotoka

Mpasua magogo anaijua nusu ya siri ya breki hii. Anapoipiga kabari kwa nyundo, kabari huzama sentimita kadhaa ilhali ufa unapanuka kidogo tu, lakini upanuzi huo mdogo una nguvu ambayo mikono mitupu isingeweza kuitoa. Ndani ya breki, nyundo ni upepo. Dereva anapokanyaga pedali, valvu inaruhusu upepo kutoka kwenye tangi uingie ndani ya chemba na kusukuma diaframu, yaani utando wa mpira, na diaframu inaisukuma fimbo ambayo ncha yake ni kabari ya chuma kigumu. Kabari hiyo inapita katikati ya rola mbili zilizoshikiliwa na kizimba chembamba, nazo rola zinazisukuma planja mbili zinazotazamana, ambazo ni vipande vya chuma kama pistoni, moja huku na nyingine kule. Kila planja inakisukuma kiatu chake cha breki, na laining, yaani bitana ya msuguano iliyo juu ya kiatu, inaukandamiza ukuta wa ndani wa dramu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Chemba inayoitwa namba 12 ina eneo la inchi 12 za mraba, yaani takriban sentimita 77 za mraba. Upepo ukiwa na shinikizo la baa 6, fimbo itasukumwa kwa nguvu ya kilo 470 hivi. Ikiwa pembe iliyopo kati ya nyuso mbili za kabari ni nyuzi 12, kila planja itapokea karibu mara 4.8 ya nguvu hiyo, yaani zaidi ya tani 2, kabla ya kutoa kinacholiwa na msuguano na springi. Faida hiyo inalipiwa kwa mwendo: kabari ikiingia milimita 20, kila planja inatoka milimita 2 na ushei tu.

Mfano huo unaeleza pia kwa nini kabari hazibadilishwi kiholela. Kabari yenye pembe ndogo, kama nyuzi 10, inasukuma kwa nguvu zaidi lakini inafungua kidogo, na ile ya nyuzi 16 inafanya kinyume chake. Ukifunga moja kushoto na nyingine kulia kwenye ekseli ileile, umelitengenezea lori ugonjwa wa kuvutia upande mmoja ambao utautafuta kwa wiki nzima kwenye usukani.

Nusu ya pili ya siri mpasua magogo hana haja nayo. Kabari yake inatakiwa ikwame ndani ya gogo ili ufa usijifunge, ilhali kabari ya breki inatakiwa irudi mara tu mguu unapotoka kwenye pedali. Chuma kikavu kikiteleza juu ya chuma kwa pembe ndogo kama hii, msuguano peke yake unatosha kuikamata kabari isirudi. Kinachoiokoa breki ni rola, kwa sababu kitu kinachobingirika hakishikiki kama kinachoteleza. Rola zikiingia kutu au grisi ikikauka, kabari ya breki inageuka kuwa kabari ya gogo: inaingia, inakaza, na springi ya kurudishia inashindwa kuitoa. Hitilafu nyingi za breki hii zimetokana na rola au planja zisizotembea, na chanzo chake mara nyingi ni mpira wa kuzuia vumbi uliopasuka ambao haukugharimu hata sehemu ndogo ya bei ya dramu uliyoiua.

Kiatu kinachovutwa na gurudumu

Baadhi ya breki hizi zina chemba moja kwa kila gurudumu, na nyingine zina mbili. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Dramu inapozunguka, inakivuta kiatu kimoja kiingie ndani zaidi ya mzunguko, hivyo kiatu hicho kinajiongezea nguvu chenyewe. Kiatu cha upande wa pili kinasukumwa kirudi nyuma na kufanya kazi ndogo zaidi. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye breki yenye kabari moja. Breki yenye kabari mbili, moja kila mwisho wa viatu, inaviwezesha viatu vyote viwili vivutwe na dramu, gari liwe linakwenda mbele au linarudi nyuma. Ni breki kali kwa ukubwa wake. Ukali huohuo ndio unaoifanya isisamehe uchafu, kwani tone la mafuta kutoka kwenye sili ya habu, likilowesha laining ya upande mmoja, linabadilisha mwelekeo wa gari kwa namna ambayo dereva ataihisi mara moja.

Ajasta iliyojificha

Ndani ya planja kuna bushi (bomba fupi la chuma) yenye nyuzi za skrubu kwa ndani na meno ya mshazari kwa nje. Bolti ya kusetia inaingia kwenye nyuzi hizo, na kichwa chake ndicho kinachogusa kiatu. Pembeni kuna ulimi mdogo unaosukumwa na springi, ambao unakaa kwenye yale meno. Laining inapolika, planja inalazimika kutoka mbali zaidi. Ikivuka upana wa jino moja, ulimi unarukia jino linalofuata. Planja inaporudi, ulimi unaizungusha bushi kidogo na bolti inasogea nje, na nafasi kati ya laining na dramu inabaki ileile ya awali.

Ni kifaa cha werevu, ila kinategemea vitu vitatu: ulimi uwe mkali, springi yake iwe hai, na bushi izunguke bila kukaza. Kimoja kikikosekana, breki inaacha kujiseti bila kutoa sauti wala taa ya tahadhari.

Kilima kinachokula mwendo wa kabari

Kabla ya kuanza ukaguzi, fundi na afahamu kwa nini milimita moja ina thamani hapa. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na tela lake kufikia tani 56. Gari la uzito huo likishuka mita 100 za wima, kama linavyofanya zaidi ya mara moja kwenye mlima Kitonga kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni, linaachia nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 160 za maji yaliyokuwa na joto la nyuzi 20. Sehemu yoyote ya nishati hiyo isiyochukuliwa na injini, breki ya eksozi au retada (kifaa cha kupunguza mwendo bila kutumia viatu vya breki) inaingia kwenye dramu.

Dramu ya chuma yenye kipenyo cha milimita 410, joto lake likiongezeka kwa nyuzi 300, inatanuka kwa milimita 1.4 hivi kwa kipenyo, yaani milimita 0.7 kila upande. Ukuta unakimbia mbele ya laining. Kwa kabari ya nyuzi 12, kuufuata ukuta huo kunahitaji fimbo iingie karibu milimita 7 zaidi. Breki iliyosetiwa vizuri ina akiba hiyo. Ile iliyoanza safari ikiwa legevu haina, na dereva ataligundua jambo hilo katikati ya mteremko. Kwa sababu hiyohiyo, breki haisetiwi dramu ikiwa moto: utaifuata dramu iliyotanuka, na ikipoa itasinyaa na kubana juu ya laining.

Hatua ya kwanza: kulifunga gari na kuifunga springi

Lisimamishe lori mahali pa tambarare, weka vigingi imara mbele na nyuma ya magurudumu ambayo hutayagusa, jaza upepo mpaka kompresa iache kupakia, kisha zima injini. Kipimo kitakachofuata kinataka handbreki iwe imeachiwa, kwa hiyo vigingi ndivyo vitakavyobeba gari lote, na jiwe la kuokota barabarani halifai kazi hiyo.

Chemba yenye sehemu ya handbreki ina springi kubwa iliyobanwa kwa nguvu ya zaidi ya nusu tani. Springi hiyo imeua mafundi. Usifungue mkanda wa chuma unaoishikilia sehemu hiyo, na usiikate kwa moto hata kama imechakaa. Kabla ya kuitoa chemba kwenye breki, ivute springi kwa bolti yake maalumu ya kufungia mpaka ijulikane kwa hakika kwamba imeshikwa.

Vumbi la laining lisipulizwe kwa upepo. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, kwa kuwa laining za zamani zinaweza kuwa na asbesto, madini yanayodhuru mapafu.

Hatua ya pili: kupima bila kufungua

Ondoa kizibo cha tundu la ukaguzi kwenye bakipleti (bamba la chuma lililo nyuma ya breki), mulika kwa tochi, na chora mstari mwembamba kwenye ukingo wa kiatu ukiulinganisha na mahali pasipotembea. Mwenzako akanyage pedali shinikizo likiwa baa 6 hadi 7 na aishikilie. Pima mstari umesogea kiasi gani, kisha fanya hivyohivyo kwa kiatu cha pili.

Kanuni za shirikisho za Marekani zinaweka kikomo cha wazi: mwendo wa laining za viatu vyote viwili kwenye breki ya kabari, ukijumlishwa, usizidi milimita 3.18. Kwa fundi wa kamshafti namba hiyo inashangaza, maana kwenye chemba ya kawaida ya namba 30 amezoea kuona fimbo ikitembea hadi milimita 51 kabla ya gari kukataliwa. Huko anapima fimbo, huku anapima laining yenyewe, na jicho lililozoea sentimita litaona milimita 5 kuwa ni kitu kidogo. Tumia rula yenye milimita au fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kukadiria kwa macho hakufai hapa.

Baada ya kupima, mwambie mwenzako aachie pedali ghafla huku wewe ukikitazama kiatu. Kiatu chenye afya kinarudi papo hapo. Kinachorudi polepole, au kinachorudi nusu halafu kikasita, kinakueleza kwamba kabari, rola au planja zinakwama, hata kama kipimo chako kilikuwa sahihi. Binafsi nakiamini kitendo hiki cha kuachia kuliko namba yenyewe. Kiatu kisichosogea kabisa nacho kina maana yake: ama planja imekufa kwa kutu, ama breki imebanwa kupita kiasi, ama upepo haufiki.

Mwendo ukizidi kikomo, usiishie kuizungusha bolti kwa bisibisi na kumruhusu dereva aondoke. Ajasta ya kujiseti iliyoacha nafasi ipanuke hivyo imekufa, na baada ya siku chache breki itarudi palepale. Ifungue.

Kipimo kingine kinafanyika barabarani. Mwache dereva atembee kilomita chache akifunga breki mara kwa mara, kisha pima joto la kila dramu kwa kipimajoto cha miale, au sogeza kiganja karibu bila kugusa. Dramu ya moto kupita wenzake ama inaburuza ama inafanya kazi ya nyingine. Itafute hiyo nyingine. Ndiyo ya baridi, na mara nyingi ndiyo mgonjwa halisi.

Hatua ya tatu: kuifungua

Kabla ya kulegeza chochote, hesabu nyuzi za skrubu za chemba zinazoonekana nje ya nati ya kufungia, au piga mstari wa rangi unaovuka chemba, nati na mwili wa breki. Kazi hii ya nusu dakika ndiyo inayorukwa zaidi. Niliwahi kuona lori lililorudishwa likivutia kushoto siku moja tu baada ya kubadilishiwa laining, ilhali laining zilikuwa mpya, dramu zilikuwa safi na upepo ulitosha. Chemba moja ya kulia ilikuwa imesimama nyuzi tatu nje kuliko mwenzake. Aliyeirudisha hakukiingiza kizimba cha rola kwenye njia yake, kikakaa juu ya ukingo wa planja, naye akakaza nati hapohapo. Kabari ilikuwa inasukuma, lakini haikuwa inasukuma planja.

Toa bomba la mpira linaloleta upepo, legeza nati, zungusha chemba mpaka itoke, kisha vuta kabari pamoja na springi na kizimba chake. Angalia nyuso za kabari chini ya mwanga mkali: zisiwe na michirizi wala vishimo. Zungusha kila rola kwa kidole. Yenye upande bapa haifai tena hata kama inazunguka. Hakikisha klipu inayoishikilia springi haijapinda.

Toa dramu na viatu, kisha vuta planja. Planja safi inateleza kwenye nyumba yake kwa kusukumwa na kidole gumba. Kutu nyepesi inasuguliwa kwa msasa laini, lakini yenye vishimo inabadilishwa, kwa sababu kishimo kitashika maji na kutu itarudi. Weka kila kipande kwenye kitambaa kwa mpangilio wa mahali kilipotoka. Bushi, bolti na ulimi wa ajasta moja visichanganywe na vya nyingine. Kagua meno ya bushi na ncha ya ulimi: vikiwa vya mviringo badala ya kuwa na makali, hapo ndipo kujiseti kulipofia. Laining iliyopigwa ribiti ibadilishwe kabla vichwa vya ribiti havijaanza kukwaruza dramu, tena ibadilishwe kwa ekseli nzima.

Grisi inayotumika ndani ni ile inayostahimili joto kali iliyotajwa na mtengenezaji wa breki. Grisi ya chasisi huyeyuka dramu ikipata moto, hutiririka kwenye laining, na sehemu iliyotakiwa kulainishwa inabaki kavu. Ipakwe kwa utando, isijazwe. Mipira ya vumbi ibadilishwe yote, hata ile inayoonekana nzima.

Hatua ya nne: kuirudisha na kuiseti

Rudisha planja na viatu kwanza, ili planja zisichomoke wakati kabari inaingia. Ingiza kabari kwa mkono huku ukiigeuza taratibu mpaka uhisi rola zimekaa kwenye mteremko wa planja. Isukume na kuiachia mara kadhaa, na utaziona planja zikitoka na kurudi. Ndipo ufunge chemba kwa mkono mpaka igote. Linganisha na alama yako. Ikigota mapema, irudishe nje na uanze upya, maana hakuna nguvu ya spana itakayokirekebisha kizimba kilichokaa vibaya. Ili tundu la mpira wa upepo litazame upande wake, mtengenezaji anaweza kuruhusu chemba irudishwe nyuma kwa kiasi kisichozidi mzunguko mmoja. Baada ya hapo kaza nati na hakikisha chemba haizunguki tena. Paka maji ya sabuni kwenye viungio na utazame mapovu.

Gurudumu likiwa limeinuliwa juu ya stendi, ingiza bisibisi pana kwenye tundu la kusetia na uzungushe gurudumu dogo la meno la bolti mpaka dramu ibanwe, kisha lirudishe mpaka dramu izunguke kwa mkono huku laining ikigusa kwa mbali sana. Breki yenye kabari mbili ina zaidi ya sehemu moja ya kusetia, nazo zote zifuatwe. Baada ya hapo kanyaga pedali mara nyingi kwa shinikizo kamili ili ajasta ianze kazi yake, halafu rudia kipimo cha mstari wa hatua ya pili.

Kuhusu kalipa za diski

Malori mengi mapya yana breki za diski. Ndani ya kalipa zake, yaani makasha yanayoibana diski kwa pedi, mara nyingi nguvu haizidishwi na kabari bali na wenzo wenye shafti ambayo kitovu chake cha kuzunguka hakiko katikati, unaosukuma daraja na planja zake kwenye pedi ya ndani; kisha kalipa nzima inateleza kwenye pini zake na kuivuta pedi ya nje. Yapo pia maumbo ya kalipa yanayoweka kabari na rola nyuma ya pedi, na nadharia yake ni ileile tuliyokwisha kuieleza. Hapa nako ajasta imefichwa, na kitu cha kwanza kupima ni mwendo wa kalipa juu ya pini zake: gari likiwa limefungwa kwa vigingi na handbreki imeachiwa, isukume kalipa kwa mkono ndani na nje. Isipocheza kabisa, na pedi ya ndani imelika kuliko ya nje, pini zimekwama.

Safari ya kwanza

Lori likishatoka kwenye stendi, lijaribiwe uwanjani kwa mwendo wa kutembea, kisha barabarani likiwa tupu, kwa kufunga breki kidogo kidogo mpaka laining zizoee dramu. Lisipelekwe moja kwa moja kwenye mzigo na mteremko. Namba za milimita za kila gurudumu ziandikwe kwenye daftari la gari pamoja na tarehe na kilomita, na lori likirudi kutoka safari ya kwanza lipimwe tena, dramu zikiwa zimepoa, kwa tundu lilelile na mstari uleule.